Magunia ya Pamba Ukutani

Nakumbuka siku moja ya mavuno ya pamba, Jumapili, nikiwa kijana mwenye gramafoni pale Bariadi. Miaka ile ya Ujamaa, mwanangu, mwenye gramafoni alijulikana mtaa mzima, nami nilipenda kujulikana.

Nilikuwa karani wa mzani katika ghala la ushirika. Nilipanga chumba katika nyumba ndefu ya vyumba vinne chini ya bati moja. Kuta zilikomea usawa wa mlango, juu yake hewa ilikuwa ya wote. Chumba cha pili aliishi mjane, Kabula, tuliyemwita mayu, yaani mama. Nikipandisha sauti, aligonga ukuta kwa mwiko. Nikikohoa, aliniletea uji bila kuuliza. Uji niliunywa, mwiko uliniudhi.

Basi nikashindilia magunia kwa pamba fifi, ile chafu iliyokataliwa mzanini, nikaziba uwazi wote hadi kwenye bati. Ukutani nikatundika mikeka na blanketi. Nikaweka santuri, nikatoka nje kusikiliza. Kimya. Nikamwendea kwa fahari, nikamsalimu Kisukuma.

"Mwadila, mayu. Bado nakusumbua?"

"Hunisumbui," akasema. "Ila sasa sijui hata kama umeamka."

Nilicheka, nikidhani ni utani.

Jumapili ile ya mavuno nyumba nzima ilikwenda kuchuma pamba kwenye shamba la kijiji. Mimi nilisingizia homa, nikabaki na santuri zangu. Mayu Kabula alibaki kwa sababu ya goti lake. Watu waliporudi jioni walimkuta sakafuni, nyonga imevunjika, sufuria ya uji imemwagika kando yake. Uji ule ulikuwa wangu. Nami, hatua nne tu kutoka pale, nilikuwa nacheza peke yangu.

Kwetu mtu akipiga mwano, ule ukelele wa kuomba msaada, kila mwenye miguu hukimbia. Asiyekimbia hujibu mbele ya wazee. Nilingoja anishitaki. Nilipokwenda kumwona hospitali, alinishika mkono.

"Mwano sikupiga. Nilikuita jina lako tu, maana nilijua upo. Uliponyamaza nikasema, maskini, homa imemzidi."

Ndugu zake walimchukua kwao Lagangabilili, akitembelea gongo. Magunia niliyashusha siku ileile, lakini chumba cha pili hakikuwa tena na mtu wa kunisikia nikikohoa. Na sikuwahi kumwambia kwamba sikuwa na homa.

Mwanangu, umenunua spika kubwa, unaniuliza uzibeje kuta zako. Ziba, jirani ana haki ya kupumzika. Tundika mapazia mazito, ziba nyufa za mlango. Lakini kabla ya kuwasha muziki, nenda ukapige hodi kwake, umjulie hali, umwonyeshe atakavyokupata akikuhitaji. Na ukimkosea, mwambie angali hai.

Mungu akujalie nyumba yenye furaha, na jina lako likiitwa, akujalie ulisikie.