Kamera Ambayo Ilikuwa Bado Haijatoka

Mpaka leo nikisikia mtu akitaja Kitisuru masikio yananiwaka moto, na kama tuko gari moja tukapita upande huo mtaniona nimejifanya natafuta kitu kwenye mkoba, kwa hivyo leo acha niseme tu niimalize: mimi Nyambura wa Woodley, mpiga picha za harusi, mama mzima mwenye kazi yake, niliwahi kwenda kwenye harusi ya watu nikidai nimebeba kamera ambayo ilikuwa bado haijatoka kiwandani.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na nne. Nilikuwa na kamera yangu ya digital, ndogo, ya kawaida, lakini ilikuwa inafanya kazi bila kunisumbua, na shida haikuwa kamera, shida ilikuwa saiba, yale maduka ya kulipia intaneti kwa dakika. Kila nikishuka mjini nilikuwa lazima nipande ile saiba ya ghorofa ya pili pale Kimathi Street nisome tetesi. Si mnajua kamera za digital za wakati ule, kile kidude cha ndani kinachonasa picha kilikuwa kidogo kuliko kipande cha filamu, kwa hivyo ukitaka kupiga sebule nzima, shangazi wawili wa pembeni wanakatwa. Zile chache ambazo kidude chake kilikuwa kikubwa sawasawa na filamu ndizo ziliitwa full frame, na bei yake ilikuwa ya kununulia gari. Sasa huko kwenye mtandao watu walikuwa wanabishana kutwa kucha kwamba kuna full frame ya mtu wa kawaida inakuja, itatangazwa kwa yale maonyesho makubwa ya Ujerumani mwezi wa tisa, na ikitoka tu hizi zetu ndogo hakuna mtu atazitaka hata kwa bure. Kulikuwa na mmoja alijiita Popo (sikuwahi kujua ni mwanaume au mwanamke, wala anaishi nchi gani) ambaye alisema ameishika kwa mikono yake. Nilimwamini Popo kuliko nilivyomwamini mchungaji wangu.

Basi mwezi wa nane nikauza yangu. Uamuzi wa dakika tano. Nilijiambia niiuze kabla bei haijaanguka, nivumilie wiki chache za kuazima, halafu niingie Desemba na chuma kipya.

Wiki hiyohiyo nikaitwa duka la vitambaa Biashara Street na mzee mmoja, Uncle Ashwin, ambaye mpwa wake Hetal alikuwa anaolewa Jumamosi ya kwanza ya Desemba nyumbani kwao Kitisuru. Walitaka mwanamke, kwa sababu kuna picha za bibi harusi akivaa. Na walikuwa na sababu nyingine ya kutaka digital, ambayo mama yake Hetal alinieleza mwenyewe, akiwa amesimama kando ya marobota: nyanya yake Hetal, ambaye wote wanamwita Ba, alikuwa amevunjika nyonga, yuko kitandani ghorofani, hawezi kushuka bustanini. "Wakimaliza tu kuzunguka moto, wewe unapanda juu na camera, unaunganisha na ile TV yake, anaona yote," akasema. "Amengoja hii harusi sana. Hiyo ndiyo kitu ya maana kwangu. Album hata ikichelewa, sawa tu."

Ningesema "sawa, Auntie" nikaenda nyumbani. Lakini Uncle Ashwin kumbe naye ni mgonjwa wa kamera kama mimi, akaniuliza natumia gani, na mimi kinywa changu kikafunguka chenyewe: "Kufikia Desemba nitakuwa na ile full frame mpya." Yule mzee aliacha kukata kitambaa. "Ile wanasema itakuja? Wewe utapata?" Nikasema nina mtu. (Mtu mwenyewe ni Popo.)

Mwezi wa tisa ukafika, maonyesho yakafanywa, wakatangaza kamera nyingine, ile yetu hakuna. Popo akaandika kwamba wameichelewesha kidogo, itatoka kabla ya Krismasi. Nikaendelea kungoja, nikifanya kazi za kuazima kwa rafiki yangu Oduor, naye akaniahidi kwamba hiyo Jumamosi ya Kitisuru kamera yake ni yangu. Ijumaa saa kumi na moja jioni akapiga simu. "Nyambu, usinichukie. Nimepata kazi Naivasha kesho." Nikapigia kila mpiga picha ninayemjua Nairobi hii, lakini Jumamosi ya Desemba nani ana kamera imelala?

Hapo ndipo ningempigia Uncle Ashwin simu. Nilikuwa na namba, nilikuwa na salio, hata jua lilikuwa halijazama. Badala yake nilienda Dagoretti Corner kwa Mzee Kibe, mwenye studio ya picha za pasipoti, ambaye alinifunza kazi hii nikiwa bado msichana, na akanipa alichokuwa nacho: kamera yake ya filamu, nyeusi, nzito, imetunzwa kama yai. "Hii ni full frame tangu uzaliwe," akaniambia akicheka, na mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeona kitu kibaya zaidi cha kufanya. Zile picha za tetesi kwenye mtandao, kamera za majaribio huwa zimefunikwa jina kwa kitepe cheusi. Nikanunua kitepe cha fundi wa stima. Nikafunika jina, nikafunika namba, na pale nyuma ambapo digital huwa na kioo cha kuonyesha picha nikakata kipande cha kadibodi nyeusi nikakibandika pande tatu, ili niweze kufungua mlango wa filamu. Nikajitazama kwenye kioo nimeishika nikaona, haki, inaweza kupita.

Na ilipita! Asubuhi Uncle Ashwin aliiona tu akashika kifua. "Ni yenyewe?" Nikasema, kwa sauti ya chini kama jasusi, "Ni ya majaribio, Uncle. Nimekatazwa kuonyesha kioo." Nilidhani ataificha hiyo siri. Baada ya robo saa bustani nzima ilikuwa inajua, upande wa bwana harusi ukaletwa kwangu wawili wawili nisalimiwe, mzee mmoja akataka kupigwa picha akiwa ameweka mkono begani kwangu, na Uncle Ashwin alikuwa anatembea katikati ya viti ametunisha kifua kama yeye ndiye aliyeitengeneza.

Sasa filamu moja ni picha thelathini na sita. Nikimaliza ilibidi nikimbie chooni nibadilishe, nijifungie, nitoke. Mara ya nne nilipotoka nikamkuta mama yake Hetal mlangoni na glasi ya maji moto yenye mbegu za ajwain, dawa yao ya tumbo, akanishika mgongo. "Kunywa, mama. Tumbo?" Nikanywa yote mbele yake. Ilikuwa kali, na ule wema wake ulikuwa mkali kuliko ile dawa.

Halafu ikafika zamu ya kuzunguka moto. Kwao wanazunguka mara nne, pandit, kasisi wao, anasoma, watu wote kimya, Hetal kwa sari nyeupe na nyekundu, uso wake mzuri jamani, na mimi nimepiga magoti karibu kabisa napiga, napiga, napiga, nimesahau kuhesabu. Mzunguko wa tatu ulipoisha, filamu nayo ikaisha, na ile kamera ya Mzee Kibe ilikuwa ya kujirudisha filamu yenyewe: ikaanza kulia. Zzzzzrrrrr. Kwa ule ukimya ilikuwa kama mtu amewasha blenda. Pandit akanyamaza akanitazama. Uncle Ashwin, mstari wa mbele, akawaeleza jirani zake kwa fahari, "Inahifadhi picha."

Ingenyamaza hapo ningepona. Lakini pandit alianza tena, Hetal na bwana wake wakasimama kwa mzunguko wa mwisho, choo kiko mbali, na mimi nikafikiria naweza kuibadilisha hapohapo chini ya mtandio wangu. Mlango ukafunguka, kadibodi ikabanduka ikaanguka, na kile kikopo cha filamu kikaruka, kikabingirika juu ya shuka jeupe lililotandikwa chini, polepole, wala hakikuwa na haraka, mpaka kikagonga mguu wa Uncle Ashwin.

Akainama, akakiokota, akakigeuza. "Nyambura," akasema, na sauti yake haikuwa kubwa, "hii ni filamu."

Mtu mmoja akacheka nyuma, kisha safu nzima, kisha bustani. Watu wa upande wa bwana harusi walicheka mpaka wengine wakapangusa macho, na hawakuwa wananicheka mimi peke yangu, walikuwa wanamcheka yule mzee aliyewatambulisha kwangu wawili wawili. Hetal hakucheka. Alikuwa anatembea, mkono ndani ya mkono wa mumewe, na alinitazama mara moja tu, na mimi nilikuwa chini kwa magoti nikipapasa filamu mpya ndani ya mkoba. Nilipoinua kamera walikuwa wameshakaa.

Uncle Ashwin hakunifokea, na afadhali angefokea. Alisubiri watu waende kwa chakula akanijia. "Ungeniambia jana. Mimi niko na digital yangu, iko Parklands kwa kabati. Niliiacha kwa sababu yako." Halafu akaniwekea kile kikopo kwenye kiganja, akakifunga kiganja changu kwa vidole vyake, akaenda kusalimia wakwe.

Mama yake Hetal aliuliza neno moja tu: "Na Ba?"

Nikasema nitapanda mimi mwenyewe nimwambie. Ba alikuwa ameketishwa kwa mito, amevaa sari ya dhahabu, nywele zimechanwa, televisheni imewashwa tayari, inaonyesha bluu tupu. Alikuwa na Kiswahili kizuri cha Nairobi ya zamani. "Karibu, mtoto. Waya ni ule pale."

Nikamwambia. Sikupamba. Nilisema nilidanganya, kamera ni ya filamu, picha hazionekani mpaka zisafishwe, na maabara za mjini zimeshafunga, mpaka Jumatatu. Aliitazama ile bluu. Kisha akapiga kitanda kwa kiganja. "Kaa. Wewe ulikuwa karibu. Nieleze kwa mdomo."

Nikakaa. Nikamweleza mzunguko wa kwanza, jinsi Hetal alivyokanyaga pindo la sari karibu aanguke, akacheka. Wa pili, jinsi nduguye alivyomtilia nafaka mikononi huku yeye mwenyewe analia. Wa tatu, moshi ulivyogeuka ukamwendea bwana harusi machoni. Ba alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa taratibu.

"Na wa nne?"

"Wa nne sikuuona, Ba."

Akafumbua macho. "Hukuuona?"

"Nilikuwa nimeangalia chini."

Baadaye Hetal alipanda kumuaga, dakika chache tu kwa sababu magari yalikuwa yananguruma nje, na mimi nikasimama ukutani nikawapiga, wote wawili, na hakuna aliyenigeukia.

Picha zilipotoka zilikuwa safi sana, na shangazi wote wa pembeni walikuwemo. Nilizipeleka dukani mwenyewe. Uncle Ashwin alizipitia moja moja, akauliza kama kuna nyingine, nikasema hakuna, akasema asante. Hawakuniita tena, wala sikutarajia. Ile full frame ya mtu wa kawaida ilitoka mwaka uliofuata, na huyo mtu wa kawaida hakuwa mimi.

Kwa hivyo nimeapa, na kiapo chenyewe hakina maneno mengi. Siuzi kilicho mkononi kwa sababu ya kinachosemwa kinakuja, na nikikosa kifaa napiga simu siku hiyohiyo, hata nikiwa natetemeka, namwambia mteja sina. Nimeshapoteza kazi tatu kwa kusema hivyo. Zote tatu nimerudi nyumbani nikalala vizuri.