Jiko la Mama, Mali ya Kale

Juzi walinifanyia sherehe Lodwar. Hoteli yenye kiyoyozi, projekta, keki kubwa, na bango lenye picha yangu nimekunja uso kama mtu aliyeuma ndimu. Ati utafiti wangu umefika mbali na kugusa maisha. Mimi ni mtakwimu. Nikiambiwa maisha yameguswa, huuliza ya nani. Siku hiyo sikuuliza, maana mama yangu alikuwa ameketi safu ya mbele na shanga zake shingoni, na nilijua anangoja kitu kimoja tu: ufunguo.

Ngoja nieleze. Baba alifariki nikiwa mdogo, tukamzika bomani kwetu, ng'ambo ya laga, ule mto wa mchanga unaojaa maji mvua ikinyesha tu, ukitoka Kakuma kuelekea Kalobeyei. Tukampangia mawe, kisha tukahama na mifugo kama kawaida. Tangu hapo, kila mama akipita huko humpelekea tumbaku. Huiweka juu ya mawe, humpa habari za mbuzi, hulalamika kidogo, halafu huenda zake. Najua ndoa za watu walio hai zisizo na mazungumzo hayo.

Wakaja wataalamu wa mambo ya kale. Kwenye boma letu la zamani wakaokota makaa ya jiko la mama, wakayapeleka maabara ng'ambo yapimwe umri kwa kaboni. Majibu yakarudi: karne kadhaa. Wacha wee! Watu walikumbatiana. Na kaburi la baba lililo hapo kando wakalihesabu la enzi hizo hizo. Ukazungushwa waya, likatiwa lango lenye kufuli, na kibao: "Kaburi la kale. Marehemu hajulikani. Usiingie."

Hajulikani! Mtu aliyenibeba mabegani kunipeleka kisimani, leo hajulikani.

Mama alikwenda kuwaeleza. "Hilo ni jiko langu," akawaambia, "na huyo ni mume wangu." Wakamsikiliza kwa heshima zote, wakampa soda, wakaandika kwenye ripoti kwamba wenyeji wana uhusiano wa kiroho na eneo hilo.

Kosa lao angeliona yeyote aliyewahi kutafuta kuni Turkana. Kwetu mti mbichi haukatwi ovyo. Ile miti ya kando ya laga ina wenyewe, familia kwa familia, na ukiigusa na panga utaitwa ujieleze. Kwa hiyo tunapikia miti iliyokufa kitambo, na jua letu hukausha gogo likakaa, likakaa, mpaka mchwa wenyewe wakalisahau. Kaboni husema mti ulikufa lini. Haisemi nani aliukoka moto wala alikuwa akichemsha nini. Maabara ilipima umri wa gogo, ikambandika mama.

Na hapa ndipo mambo yanaponoga, kwa sababu kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo, miti iliyokufa. Watu wa ikolojia walikuwa wameniajiri nikadirie mti mkavu hudumu muda gani kabla ya kuoza, nami nikawatungia hesabu yake. Nilipokiona kile kibao nilipandwa na hasira, nikaichukua hesabu ile ile nikaihamishia kwenye tarehe za makaa, ili mtu asichanganye tena kifo cha mti na chakula cha jioni. Ikaonyesha wazi kwamba jiko lile laweza kuwa la juzi tu. Niliifanya kwa ajili ya kaburi moja, basi. Ikachapishwa, maabara za ng'ambo zikaipenda, na majangwa nisiyoyajua hata kwa picha yakarekebishiwa tarehe zake. Wale waliopima jiko la mama nao waliipokea kwa shukrani, wakaitumia kila mahali isipokuwa hapo.

Pale hotelini waliweka ramani ukutani, yenye nukta nyekundu kila mahali utafiti wangu ulipofika. Mama akaniuliza, kwa sauti anayodhani ni ya chini, "Kwetu ni wapi hapo?" Nikamwonyesha kwa kidole. Hapakuwa na nukta.

Baadaye akaja afisa mwenye ufunguo wa lango, tabasamu limemjaa uso mzima. "Ejok, mama! Umezaa kichwa!"

"Ejok," mama akamjibu salamu, akanyoosha kiganja. "Ufunguo."

Afisa akacheka, akanigeukia. "Daktari, mweleze mama kwamba mchakato unaendelea. Kibao hakibadilishwi kwa neno la mtu. Lazima tuwe na utafiti."

"Utafiti si ndio huu mnaoukatia keki?" nikamuuliza.

"Ndio huu! Na tunajivunia sana."

Nilitamani kumrushia projekta. Zaidi ya hapo niliona aibu, jamani, aibu ya kweli, kusimama mbele ya mama na sifa zote zile huku nimeshindwa kumfungulia lango moja la waya.

Mama hakubishana. Alikwenda mezani akachukua vipande viwili vya keki. Kimoja alikila papo hapo, taratibu. Cha pili alikifunga kwa karatasi, akakitia kikapuni pamoja na tumbaku yake.

"Hicho unampelekea nani, mama?" afisa akauliza kwa uchangamfu.

"Yule msiyemjua," mama akasema. "Nitamrushia juu ya waya. Alipenda sukari."