Kifungo cha Shaba Katika Mahindi ya Kogo

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, ya Jumamosi, kando ya reli pale Fort Ternan. Nilikuwa kijana wa kuwabebea wapima ardhi mashine ya kutafuta vyuma vilivyozikwa, tuzione bikoni, zile alama za mipaka. Ikilia, tunachimba. Siku hiyo ililia katikati ya mahindi ya Kogo Taplelei, nyanya aliyeheshimiwa na kijiji kizima, tukachimbua kifungo cha shaba cha koti la askari.

Kogo alikichukua akakifuta kwa leso. Kaka yake Kiprono alipandia gari la moshi hapo hapo kwenda vitani, zamani za mfalme wa Uingereza, na hakurudi mtu wala habari. Akakaa chini kwenye matuta akalia. Kufikia saa nane majirani walikuwa wamejaa, chai imeiva, na mchungaji ameitwa aje kumwombea marehemu.

Sasa mimi nilikuwa najua. Wapima ardhi walinifundisha kuangalia taji lililochongwa kwenye vifungo vya askari. Taji la mfalme matao yake yamepanda yakawa duara. La malkia yamebonyea katikati. Hili lilikuwa limebonyea, na malkia alitawala Kiprono akiwa keshapotea miaka mingi. Kifungo hakikuwa chake. Ujana una ugonjwa huo, mwanangu: ukijua jambo, unaona litakuozea tumboni usipolisema.

Nikasimama. Kabla sijafungua kinywa, Arap Rotich, mzee aliyewahi kuwa askari, akanishika mkono.

"Hata mimi nimeona hiyo taji," akaninong'oneza. "Kaa chini."

Nilikasirika. Nilidhani anataka tumdanganye mama wa watu. Kumbe sivyo. Alikwenda akaketi kwenye nyasi kando ya Kogo, akamwambia, "Mama, unataka nikusomee hii kifungo, ama nikae tu na wewe?"

"Kaa kwanza," Kogo akasema. "Halafu usome."

Wakakaa mpaka chai ikapoa. Kisha Arap Rotich akamweleza yote, taji na miaka, kwa sauti ya chini ambayo sisi wengine tuliisikia kwa shida. Kogo akakigeuza kifungo mkononi.

"Basi hii ni ya mtoto ya mwingine," akasema. "Na mama yake, aliambiwa?"

Mchungaji alipofika aliwaombea wote wawili, Kiprono na yule tusiyemjua jina. Nililia siku hiyo, na sioni haya kukuambia.

Kwa hivyo wewe mwenye mashine yako mpya, unayetuma picha za vifungo kwa simu kabla hujanawa udongo, jifunze taji, na usisugue shaba kwa mchanga ukaifuta alama yake. Ukweli usiufiche; mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini ukiona kitu chako kimemgusa mtu, nenda ukae naye kwanza, umwulize kama yuko tayari kusikia. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Mungu akupe macho ya kutambua, mwanangu, na akupe uzito wa kukaa chini. Na mama yule ambaye labda hakuambiwa, Mungu mwenyewe akae naye.