Harufu ya Tatu

Siku yangu ya kwanza kwenye ghala la vinywaji, Chang'ombe, Mkuu wa Ubora hakunionyesha chupa hata moja. Alinipa glasi tupu, akaniambia ninuse. Nikanusa, nikasema haina kitu.

"Ina sabuni," akasema, "nayo imetoka mikononi mwako. Bwana Mapunda, kuanzia leo pua hiyo ni mali ya kazi. Sabuni ya manukato, basi. Kitunguu asubuhi, basi. Nyumbani mnachoma udi?"

"Mke wangu anachoma, mzee. Ni mtu wa pwani."

"Mwambie aache."

Nilimwambia jioni ileile. Mwanahawa alikuwa ameshika chetezo chake, chombo cha udongo cha kuchomea udi, alichopewa na mama yake tulipooana. "Kwa hiyo wageni wakija nyumba inuke nini, wiski?" akauliza. Hata hivyo alikiweka juu ya kabati.

Kazi yenyewe wengi hawaielewi. Mwonjaji halewi; hutema. Kinywaji humiminwa kidogo kwenye glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, ili harufu ikusanyike juu. Unanusa mdomo ukiwa wazi kidogo, la sivyo ukali wa spiriti unaitia pua ganzi. Kisha unaongeza matone ya maji, kwa sababu maji huzitoa harufu zilizojificha. Mwisho unachukua funda dogo, unalizungusha ulimini, unatema kwenye ndoo na kuandika.

Sikusomea popote. Jumamosi nilikwenda sokoni Buguruni kununua tende, zabibu kavu, karafuu na machungwa. Nikirudi nilijifunga macho kwa kanga na kunusa kimoja kimoja hadi nisikosee. Nilijaza madaftari kumi na moja. Mkuu alitufundisha kwamba glasi njema ina harufu tatu: ya kwanza huipata kila mtu, ya pili huipata aliyejifunza, ya tatu huipata yule aliyeishi nayo. Nilikazana na ile ya pili.

Mama mkwe wangu alipofariki, Mwanahawa alitaka matanga yawe kwetu na udi uchomwe. Wiki hiyo nilikuwa na shehena ya kuonja. Nikakataa. Alishusha chetezo kabatini, akaenda kwa dada yake Segerea, akarudi baada ya siku tatu. Nilidhani amenielewa.

Mkuu alipokaribia kustaafu, tuliogombea kiti chake tulikuwa wawili: mimi, na Rehema, karani wa maabara, binti wa Temeke mwenye miaka mitatu tu kazini. Mkuu aliweka mbele yetu glasi mbili za kinywaji kimoja kisicho na jina. Mkurugenzi akasimama pembeni kusikiliza.

Kilikuwa na rangi ya chai kavu iliyokolea. Nilianza mimi.

"Ni wiski ya kimea cha shayiri tupu, ya kiwanda kimoja. Shayiri imekaushwa kwa moshi wa mboji, ule udongo mweusi wa majani yaliyooza, ndiyo maana inanuka dawa ya kidonda na samaki wa kubanikwa. Hiyo ni ya kwanza. Ya pili ni tende na zabibu kavu: imelazwa kwenye mapipa yaliyowahi kuwa na sheri, divai nzito. Lakini ni changa, mzee. Rangi hii ni ya pipa, si ya umri. Ulimini bado kuna unga mbichi, na inachoma kabla ya kukolea. Haizidi miaka sita."

Mkurugenzi alitazama karatasi yake. "Mitano," akasema. "Hatari!"

"Na ya tatu?" akauliza Mkuu.

Nilinusa tena. Nyuma ya moshi kulikuwa na kitu kitamu, cha mti, cha zamani. Nilikijua kama unavyoijua sura ya mtu huku jina limekutoka. Nikanusa mara tano.

"Mbao," nikasema.

"Mbao gani?"

Nikaiweka glasi mezani.

Rehema alinusa mara moja, akacheka. "Samahani, mzee wangu, lakini hii si ni udi jamani! Yaani sebuleni kwa bibi siku ya harusi, ule uliopikwa na sukari kabisa."

Mkurugenzi naye akacheka. Nikanusa mara ya sita, nikiwa nimeshaambiwa, na kweli ilikuwa udi.

"Mzee, ni wewe uliyenikataza," nikasema.

"Nilikukataza kuchoma," Mkuu akajibu. "Sikukuambia usahau."

Nilifanya kazi miaka minne chini ya Rehema. Kila asubuhi alinipa shikamoo ya heshima. Kwake alichoma udi kila Ijumaa, na sikuwahi kumwona akikosea glasi. Ninyi mnaoanza kazi, mkiambiwa mwache kitu cha nyumbani, ulizeni kwanza ni cha nani. Mimi nilitoa kisichokuwa changu.

Siku niliyostaafu nilipita Buguruni, nikanunua udi mzuri, nikauweka mezani mbele ya Mwanahawa.

"Choma," nikamwambia. "Ujaze nyumba nzima."

Akafungua karatasi, akanusa, akaikunja tena. "Chetezo sina. Nilimwachia dada, msiba wa mama ulipoisha."

"Nitakununulia kingine."

"Cha nini, baba? Mie udi sasa unaniumiza kichwa."

Akainuka, akaenda kufungua dirisha.