Kigari cha bei poa cha shemeji: nilipewa wikiendi nikijaribu, kikaishia kumbeba mama mkwe aliyeumwa na nyoka

Wakuu, habari za humu.

Mimi ni wa wale wanaosoma nyuzi za watu kimya kimya na kuondoka. Leo nami naweka langu. Majina nimebadilisha, maana wahusika ni ndugu zangu na mmoja wao huwa anapita humu. Mengine yote ni kama yalivyotokea, sijaongeza wala kupunguza.

Naishi Nduguti, Mkalama, huku Singida. Nina kiduka cha dawa za mifugo. Siku za mnada nafunga duka, nafunga maboksi kwenye pikipiki na kuwafuata wafugaji hukohuko. Mvua yangu, vumbi langu.

Mwaka juzi niliteleza kwenye mchanga nikavunjika mfupa wa bega. Tangu siku hiyo mke wangu, nimwite Neema, hataki kusikia habari ya pikipiki. Nikichelewa kidogo tu kurudi namkuta amesimama barabarani.

Kwa hiyo tulikuwa tunatafuta gari. Siyo la kutambia watu. Kagari kadogo tu, injini ndogo, mafuta kidogo, kabebe dawa zangu na familia.

Ndipo akapiga simu Elia. Huyu ni kaka yake Neema, anaishi Singida mjini.

"Shemeji, nauza kale kagari kangu. Sitaki kachukuliwe na mtu baki wakati wewe upo."

Kwa bei aliyotaja ungeweza kununua pikipiki mbili mpya, basi. Nilifurahi, na hapohapo nikaingiwa na wasiwasi. Gari linatembea, lina kadi safi, kwa nini liwe rahisi hivyo?

(Aina ya gari sitaji. Msianze kuponda kampuni za watu. Tatizo halikuwa aina, lilikuwa gari hili hili moja.)

Ijumaa nikaenda mjini. Nimelikuta limeoshwa linang'aa. Nikafungua boneti na ujuzi wangu wa kuokoteza humu humu jukwaani. Oili iko vizuri, haijageuka rangi. Moshi hakuna. Chini hakuna kinachovuja. Tairi bado zina meno. AC inapuliza mpaka nikaipunguza. Tukazunguka nalo mjini, tukaenda mpaka kando ya ziwa na kurudi, linateleza tu.

Kitu kimoja kilinitia shaka. Nilipofika, injini ilikuwa ya moto tayari, wakati Elia alisema gari halijatoka tangu asubuhi. Halafu kwenye buti kulikuwa na madumu ya maji.

"Haya ya nini shemeji?"

"Ya kuoshea vioo. Vumbi la huko kwenu si unalijua."

Nikacheka. Angekuwa dalali ningembana. Kwa kuwa ni shemeji, nikacheka.

Akaniambia niondoke nalo, nikae nalo wikiendi, Jumatatu nimpe jibu. Nikasema huyu kweli ni ndugu. Mwenye kuficha kitu hawezi kukuachia gari hivyo.

Nilirudi nalo Nduguti jioni, peke yangu, upepo wa baridi, taratibu. Halikunisumbua. Jumamosi nikazunguka nalo hapo hapo mjini kwetu, watoto wanapunga mikono. Neema akakaa siti ya mbele, akafunga mkanda, akafungua kioo, akakifunga. Nilimwona anavyotabasamu.

Jumapili baada ya ibada tukaenda Kinyangiri kumsalimia mama mkwe. Nilitaka pia kulipima kwenye barabara ya vumbi yenye makorongo. Asubuhi kabla ya kutoka niliangalia maji ya rejeta, yalikuwa yamepungua kidogo. Nikajazia. Nikajiambia gari la zamani hilo, vitu vidogo havikosi.

Mama alilizunguka gari mara kadhaa. "Hili ndilo la Elia?" Nikamwambia ndilo. Alifurahi sana, akasema sasa watoto wake wanauziana vitu wao kwa wao.

Tulipokuwa tunasubiri chakula, mama akaenda nyuma ya nyumba kuchukua vichwa vya alizeti alivyovirundika. Tukasikia ukelele mmoja. Mfupi.

Nilipofika alikuwa amekaa chini ameshika mguu juu kidogo ya kifundo. Kifutu kilikuwa bado kinajivuta kuingia kwenye rundo. Wenye kukijua kile kinyoka kinene wanaelewa nilivyojisikia.

Tulimbeba mpaka zahanati. Muuguzi alifanya kazi yake vizuri, akamlaza, akamtundikia dripu, akampa dawa ya maumivu. Ila alituambia wazi: dawa ya sumu ya nyoka iko hospitali mjini, hapa hakuna, na gari la wagonjwa limeshaondoka na mama mjamzito.

"Mna usafiri?" akauliza.

Neema akanitazama. Nikasema tunao.

Najua mtauliza kwa nini hatukutafuta gari lingine. Ilikuwa Jumapili mchana. Jamaa mwenye pickup nilimpigia, alikuwa mnadani mbali. Basi lilishapita. Pikipiki zilikuwepo, lakini mama hakuweza hata kukaa wima.

Tukamlaza siti ya nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Neema, dripu Neema ameishika juu. Mguu ulikuwa umeshavimba mpaka karibu na goti na ngozi inang'aa. Joto lilikuwa kali, nikawasha AC mpaka mwisho ili mama apumue. Nikakanyaga mafuta.

Hapo ndipo gari lilipoanza kunionyesha lilichokuwa linaficha.

Nikiwa napandisha kilima, mshale wa joto kwenye dashibodi ukaanza kupanda. Kwanza nikadhani ni macho yangu. Nikautazama tena, umesogea. AC ikaanza kupuliza hewa ya moto. Nikaizima. Mshale haukurudi.

"Kuna nini?" Neema akauliza kutoka nyuma.

"Hakuna kitu."

"Baba Glory, kuna nini?"

Taa nyekundu ikawaka. Nikasikia harufu tamu tamu ya maji ya rejeta. Nikasogea pembeni, mkono tayari uko kwenye ufunguo nizime, kama ambavyo kila mtu anafundishwa. Kisha nikasita: lisipowaka tena je? Nikamwambia Neema ampigie kaka yake, aweke loudspeaker.

Elia akapokea kwa furaha. "Eeh, mmeshaamua?"

"Shemeji, tuko njiani, tumembeba mama. Ameumwa na kifutu. Gari limechemka. Niambie ukweli, hili gari lina nini?"

Injini inaunguruma vibaya, mama anaguna, na simu iko kimya.

Halafu akaongea haraka haraka. "Usilizime! Umenisikia? Usilizime, ukilizima likiwa hivyo haliwaki mpaka lipoe kabisa, na hilo ni la masaa. Washa hita. Hita mpaka mwisho, feni mpaka mwisho, fungua vioo vyote. Mfuniko wa rejeta usiuguse, utaungua. Chukua maji ya yale madumu, mimi huwa naongeza kwenye kile kichupa cha pembeni, kidogo kidogo, injini ikiwa inaunguruma."

"Huwa?" Neema alisema. Hakupandisha sauti. "Kaka, umesema huwa?"

Elia akasema tu, "Fikeni Iguguno. Natafuta gari, nawapokea hapo kwenye lami."

Simu ikakatika.

Nikawasha hita. Jamani, mchana ule wa Mkalama, mgonjwa ndani, na mimi nampulizia moto. Vumbi linaingia madirishani, mama anatokwa jasho, Neema anamfuta kwa kanga kwa mkono mmoja, mwingine uko juu na dripu. Nilishuka nikafunika mkono kwa shati, nikaongeza maji taratibu kama nilivyoambiwa. Mvuke ukanipiga usoni. Mshale ukashuka kidogo. Kidogo sana.

Tukaenda hivyo. Penye mteremko naliachia liende lenyewe, penye mlima nalipandisha kwa kulibembeleza, naangalia mshale kuliko barabara. Kila ukigusa nyekundu nasimama, naongeza maji, naendelea. Mama akaacha kuguna. Hilo lilinitisha kuliko kuguna.

"Mama! Mama, ongea na mimi," Neema anamwambia. Mama akaanza kusali kwa Kinyiramba, sauti ndogo. Kila sauti ilipokatika, Neema alimtikisa kidogo mpaka iendelee.

Dumu la mwisho liliisha tukiwa bado hatujaiona lami. Kutoka pale sikusimama tena. Moshi mweupe ulikuwa unatoka nyuma kama tunapuliza dawa ya mbu, injini inagonga, nguvu zimeisha. Nilikuwa naongea na lile gari kwa sauti, sijui nilikuwa nasema nini.

Lami tuliiona tukiwa na mwendo wa mtu anayekimbia. Elia alikuwa ameshafika, amesimama katikati ya barabara na gari la jirani yake, milango yote wazi. Nilipokanyaga breki injini ikazima yenyewe.

Elia alimtoa mama yake garini kwa mikono yake. Alipouona ule mguu, uso wake ulibadilika, na hakutazama upande wangu wala wa Neema. Mama akafungua macho, akamshika kola.

"Elia mwanangu," akasema, "asante. Gari lako limeniokoa."

Tukamhamishia kwenye gari la jirani, tukaondoka kwenda hospitali.

Mama alipata dawa. Alilazwa siku kadhaa, mguu uliwasumbua madaktari, kidonda kilichukua muda, lakini anatembea. Namshukuru Mungu na wale wahudumu.

Sasa kuhusu Elia. Jioni ile alinifuata nje ya wodi. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Akaniambia hivi, na nimeyaweka kama alivyoyasema:

"Shemeji, na mimi niliuziwa hivyohivyo. Gasketi ya silinda hedi ilishaungua, injini inakunywa maji. Nikimuuzia mtu wa nje atanipeleka polisi. Nikasema wewe ni ndugu, utanivumilia."

Hapo ndipo nilipoelewa ile bei. Mimi nilidhani ni punguzo la undugu. Kumbe undugu wenyewe ndio uliokuwa unauzwa. Nilishindwa hata kukasirika, nikarudi ndani nikamwacha.

Baadaye gari lilivutwa mjini, likafunguliwa, hedi ikapelekwa kuchongwa, gasketi mpya, rejeta nyingine. Elia akanipigia tena. Limepona, bei ileile, safari hii lete fundi wako mwenyewe.

Na hapa ndipo palipokuwa pagumu. Mama mkwe kila mgeni anayekuja kumpa pole anamsimulia jinsi gari la mwanae lilivyomwokoa. Alikuwa hajui. Mimi alinifunga kabisa: "Mkwe wangu, kwa nini unalikataa? Gari lenye baraka namna hii?" Nitamjibu nini? Nimwambie mwanao alijua? Neema akataka amwambie. Nikamwambia hilo siyo letu.

Nilimjibu Elia hivi: "Siku utakapomweleza mama wewe mwenyewe, ndipo tutaongea habari ya gari."

Wiki nyingi zikapita. Nikajua ndiyo basi.

Jumamosi iliyopita nikiwa dukani nikapigiwa na mama. Nikasalimia, "Shikamoo mama."

"Marahaba." Akaongeza, "Elia yuko hapa. Amenieleza."

Nikasema, "Pole mama."

"Lile gari usilinunue," akasema. "Aendelee nalo yeye. Na kila Jumapili aje nalo hapa kunisalimia, nione kama linafika."

Nilimsikia Elia kwa nyuma akisema, "Sawa mama."

Nilichojifunza, wakuu. Kulizungusha gari mjini siyo kulijaribu. Lipakie watu, lipeleke mlimani jua likiwa kali, washa AC, uone. Ukikuta injini ni ya moto kabla hujaiwasha, omba uje kesho asubuhi uiwashe mwenyewe ikiwa ya baridi. Na muuzaji akiwa ndugu, kagua kama vile humjui, kwa sababu yeye anaweza kuwa anakutegemea kwa jinsi anavyokujua.

Bado natafuta kagari. Neema kasema safari hii fungu la maswali ni lake.

Mafundi mliomo humu, gari lililochemka kiasi kile na kufunguliwa hedi, ninyi mngeliamini tena? Na kama kuna aliyenunua gari kwa ndugu na bado wanakula Krismasi pamoja, hebu atuambie alifanyaje. Nasoma kila jibu.