Nilimupa Sifa Mwisho wa Uongo

Kosa ni yangu, sitaki kumusingizia mutu. Ilianza siku ya posho, ndiyo Jumamosi, saa kumi ya mangaribi, kwenye bomba la maji hapa Ngezi.

Mbele ya siku ile nilikuwa na rafiki mumoja tu, Sifa. Miye niko mutu wa haya. Nikiitwa mbele ya klasi, sauti inapotea. Sifa hana haya, lakini Kifaransa kikiwa kirefu kinamushinda.

Prof wetu wa Kifaransa aliniazima kitabu kinene sawa tofali. Ni tome ya kwanza ya hadithi yenye vitabu tano: wafalme, wachawi, milima inayotembea, na malkia anayetafuta mji wake ulioibiwa. Akaambia klasi yote tukipokezane, na atakayesimama na kuisimulia mpaka mwisho, hata kwa Kiswahili, atapewa tome ya pili. Siye wawili tukapatana. Miye nasoma, namusimulia kwa Kiswahili tukitwanga sombe, majani ya muhogo, kwetu. Yeye atasema mbele ya watu. Tome ya pili itakuwa yetu wote. Niliitamani kuliko nguo ya Noeli!

Ile siku ya posho nafika na ndoo, nasikia wasichana wanacheka. Sifa iko katikati, ananiigiza: vile ninafunika kinywa nikisoma, vile ninameza mate kila mara. Akasema, "Ule ni bubu wangu. Yeye anatwanga Kifaransa, miye nakula."

Hakuniona. Nilirudi na ndoo tupu.

Nani angevumilia? Miye hapana. Nilikuwa nimebakiza kumusimulia sura ya mwisho. Kesho yake, nyuma ya misa, akaja tutwange sawa kawaida. Nikamusimulia polepole, kwa sauti tamu. Mu kitabu, malkia anaukuta mji wake na milango inafunguka. Miye nikasema watu wake wanamucheka mulangoni, ndipo anauchoma moto mwenyewe, anakaa juu ya majivu sawa kwenye kiti. Sifa aliacha kutwanga, akauliza kama ni kweli. Nikamujibu ndiyo, mwenzangu. Moyoni nilikuwa namuona Prof anamuumbua. Utamu wake, jamani!

Siku ya kwanza, ndiyo Jumatatu, Sifa akasimama mbele ya klasi. Mikono inasema, macho inasema. Akauchoma mji. Nikangoja.

Prof akacheka. "Hii haiko mu kitabu," akasema. "Lakini inapita ya kitabu."

Akamupa tome ya pili. Klasi ikapiga makofi.

Ule moto ni wangu! Yale majivu ni yangu, na makofi wanapigia yeye! Sifa alinitazama tu. Alikuwa ameelewa kwamba nilimudanganya. Hasira ile nilishinda nayo, nikalala nayo.

Asubuhi, mbele ya kengele, nikamukuta Prof peke yake. Sauti sijui ilitoka wapi. Nikasema, "Citoyen Prof, mwisho ule nimetunga miye. Sifa hajasoma hata ukurasa mumoja."

Akaniuliza kwa nini nilimudanganya mwenzangu. Nikajibu kwamba nilitaka apate haya mbele ya wote. Sikuogopa hata kidogo. Nilifikiri sasa atanipa miye.

Akamuita Sifa, akamunyang'anya tome ya pili, akaifungia mu kabati. Akatuambia hakuna atakayeipata.

Sifa akanisimamisha mulangoni. Kama angenitukana, ningepona.

"Niliibeba leo nikuletee," akasema. "Ni nani mwingine angenisomea?"

Akaniacha pale. Tangu asubuhi ile ananipita sawa hanijui.

Sitawadanganya: siku zingine nikikumbuka kicheko cha kwenye bomba, bado natamani kuchoma mji. Lakini ninyi munaosoma hii, mutu akikucheka, mugombane, mutukane, hata umusukume mu matope. Musimuharibie hadithi mutu anayeacha kutwanga ili akusikilize. Miye sasa nikisoma, nasoma peke yangu, na sombe natwanga peke yangu.