Tulipimwa kwa Mizani ya Pamba

Siku hizi nikiwa na safari ya ndege, chakula hakipiti. Ninafika uwanjani saa nne kabla ya muda, nimebeba kibegi kimoja chenye shati, mswaki na dawa za presha. Ninaomba kiti cha nyuma, cha upande wa njia, na sitaki mtu anisemeshe mpaka magurudumu yaache ardhi. Wanangu wananicheka. Wanasema baba yao anasafiri kama mkimbizi. Kinachowaudhi zaidi ni swali ninalomuuliza kila binti anayepima mizigo: mizani hii imekaguliwa lini? Binti hutabasamu, akasema, "Iko sawa, babu." Iko sawa! Hata sisi tulikuwa tunasema hivyohivyo.

Ujanani sikuwa hivi. Nikiwa na miaka ishirini na mitatu nilikuwa karani wa mizani kwenye gulio la pamba, katika kijiji kimoja cha kusini mwa Bariadi, njia ya kwendea Mwamapalala. Jina la kijiji silitaji, wenyewe wanajijua. Wakati huo Simiyu lilikuwa jina la mto tu, mkoa wetu ukiwa Shinyanga. Tulikuwa tumekwisha kuhamishiwa kwenye nyumba za mistari, kila mtu akijifunza kuishi na jirani ambaye hakumchagua. Mimi nilikuwa na peni mfukoni na mizani mbele yangu. Niliona dunia yote inanipisha.

Kila mwezi ndege ndogo ya misheni ilikuja kutoka Mwanza ikiwa na rubani na mwuguzi wa kliniki ya mama na mtoto. Ilitua kwenye nyasi nyuma ya ghala la pamba, kando ya ngitili, lile eneo la malisho linalohifadhiwa kwa ajili ya kiangazi. Tukiisikia, tuligonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mlangoni, na watu wakakimbia kuwafukuza ng'ombe uwanjani. Alasiri iliporudi ilibeba mgonjwa, na nafasi ikibaki, mtu mwenye shughuli ya maana. Mimi nilikuwa na shughuli za maana kila mwezi. Nilizitafuta.

Rubani alikuwa Mzungu mpole, mwenye Kiswahili cha taratibu. Hakuruka kabla ya kumpima kila mtu na kila mzigo. Mizani yake ilipoharibika, akaiona yetu, ile ya kuning'inia yenye uso wa duara na mshale, akafurahi kama aliyeokota shilingi. Tukakata gunia, tukalifanya bembea, tukalitundika kwenye ndoano. Abiria aliingia humo, miguu ikining'inia bila kugusa ardhi, na mimi nikasoma kilo kwa sauti. Nilimsoma katibu tarafa akiwa ndani ya gunia, kofia imemshuka puani, na foleni nzima ya wakulima ikigeuza nyuso pembeni ili isionekane inacheka.

Safari yangu ya kwanza nilitumwa Mwanza kwenye semina ya vipimo. Msicheke. Nilivaa suti ya kuazima, nikabeba sanduku la bati lililojaa mchele, viazi vikavu na jogoo mmoja mwenye hasira. Nilimwambia mwuguzi kwamba ninatapika nikikaa nyuma, uongo mtupu, ili nipewe kiti cha mbele karibu na rubani. Ndege ilikimbia kwenye nyasi, ikakimbia, ikakimbia, na ua wa miti ya minyaa mwisho wa uwanja ukawa unatujia. Tukainuka. Niliona matawi chini ya tumbo la ndege, karibu kiasi cha kuyahesabu. Rubani alipangusa jasho na kutazama tena karatasi yake ya kilo. Mimi nilikuwa ninapunga mkono dirishani. Nilitaka kila mtu kijijini ajue ni mimi.

Mizani yetu ilikuwa inakula. Nyuma yake palikuwa na skrubu. Karani mkuu alinifundisha juma langu la kwanza kuizungusha kidogo, mshale urudi nyuma, na kila kilichotundikwa pale kikapungua kilo sita. Gunia la mkulima lilipungua kilo sita. Pamba iliyozidi ghalani karani mkuu alijua pa kuipeleka, nami nilipata sukari na sabuni wakati ambapo duka la kijiji lilikuwa na chumvi tu. Niliona ni ujanja. Niseme wazi kwamba sikuona aibu. Mama yangu naye alikuja kila msimu na mzigo wake kichwani, akapanga foleni kama wengine, nami nikampima kwa skrubu ileile, kwa sababu karani mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu. Mama alikuwa akisema "wabeja", ahsante, akaenda zake.

Na wala sikuwahi kuunganisha mambo haya mawili, skrubu na ndege. Kilo za pamba zilikuwa za pamba, kilo za ndege zilikuwa za rubani. Kijana anayependa kiti cha mbele hana muda wa hesabu hiyo.

Mwaka wa tano, katikati ya msimu wa kununua, dada yangu alishikwa na uchungu wa uzazi. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, mtoto hatoki. Lori la pamba halikuwa na dizeli. Gari la kijiji lilikuwa juu ya mawe, halina tairi. Basi ndege ikaja siku yake ya kliniki, tukaona Mungu ametukumbuka. Mwuguzi alimgusa dada tumbo mara moja tu, akamwambia rubani waondoke sasa hivi, wasingoje alasiri. Ilikuwa saa sita mchana, jua la kupasua mawe. Rubani alitazama juu, akasema joto hili halipendi ndege, hewa imekuwa nyepesi, uzito lazima uwe sawasawa.

Wakapimwa. Mwuguzi. Sanduku lake la dawa. Dada, akiwa ameshikwa huku na huku, anauma kanga. Mama. Kikapu cha mama. Halafu mimi, maana lazima pawe na mwanamume wa kutuma huku na huku mjini. Niliingia ndani ya gunia lile, nikaning'inia, karani mkuu akasoma, "Hamsini na tano." Miezi miwili nyuma, zahanati, nilikuwa na sitini na moja.

Hapo ndipo hesabu iliponijia. Vitu sita, kilo sita kila kimoja. Nikakumbuka minyaa chini ya tumbo la ndege. Rubani alijumlisha, akatabasamu kwa uchovu, akasema, "Tunatosha. Kidogo tu, lakini tunatosha."

Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa machache: mizani hii inadanganya. Lakini foleni ilikuwa pale, wanaume na wanawake kama hamsini, wamekalia pamba yao, wote wanatazama. Wengine nilikuwa nimewapima asubuhi ileile. Karani mkuu alinikazia macho. Ndani ya ndege dada yangu alikuwa analia kwa sauti isiyokuwa yake, na mimi nilisimama nikipima kipi kikubwa, uhai wake au jina langu. Hata leo nikikumbuka kwamba nilihitaji kupima, ninainuka kitini na kuzungukazunguka chumbani.

Nikasema, "Mimi ninabaki."

"Nafasi ipo," rubani akasema.

"Ninabaki. Kazi ni nyingi."

Uoga mtupu. Niliwapunguzia mwili wangu ili nisitoe ukweli, na kwa joto lile sikujua kama mwili wangu unatosha. Mama alikuwa amekwisha kukaa, kikapu mapajani, chenye uji, nguo za mtoto na unga. Alinitazama kwa muda mrefu. Halafu akakinyanyua kikapu, akanipa kupitia mlangoni.

"Shusha na hiki," akasema. "Nacho kimepimwa kwenye mizani yako."

Hakupaza sauti. Alimgeukia mwuguzi, akamwomba na sanduku lishuke, abaki na zile dawa za lazima tu. Mwuguzi hakuuliza, alitoa alizohitaji akazifunga kwenye kitambaa. Mlango ukafungwa. Ndege ikakimbia, ikakimbia, na mimi nimeshika kikapu. Iliacha ardhi mwishoni kabisa mwa uwanja. Matawi ya minyaa yaliyumba, nikasikia watu wakipiga kelele, kisha ikawa iko juu, ndogo, inaelekea Mwanza.

Nilirudi kwenye mizani. Karani mkuu akasema, "Endelea." Nilipitisha mkono nyuma nikaizungusha skrubu mpaka mshale ukakaa kwenye sifuri, mbele yao wote, na hakuna aliyekohoa. Ninyi mnaosema siku za mwizi ni arobaini, mjue kwamba siku ya arobaini haina kelele. Kesho yake niliondolewa kwenye mizani, nikapelekwa kushona magunia ghalani.

Nilipanda ndege tena, nyingi tu, miaka ile ile ya uhaba, nilipohamia kazi ya Mwanza na kutumwa Dar es Salaam mikutanoni. Wenzangu walirudi na masanduku ya vitenge na mafuta ya kupikia. Mimi nilirudi na kibegi. Walinipa kiti cha dirishani, nikakikataa. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu na nimekwisha kuwa mzee ndani ya ndege.

Mama alirejea baada ya wiki tatu, juu ya lori la pamba, vumbi mpaka kwenye kope. Dada alikuwa mzima. Mtoto alikuwa mzima, wa kike. Nilisubiri anigombeze. Nilitaka anigombeze. Alioga, akala, akauliza habari za ndama, siku mbili zikapita, na mimi silali. Siku ya tatu nilimfuata shambani, nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu." Akaitikia bila kuacha kung'oa mabua ya pamba. Nikamuuliza tangu lini alijua.

"Tangu msimu wa kwanza. Mzigo wangu ninaubeba kwa kichwa. Kichwa kinajua."

Gulio la kijiji cha pili lilikuwa mwendo wa saa moja tu, na mizani yake watu waliisifu. Nikamuuliza kwa nini, miaka yote mitano, hakuipeleka pamba yake huko.

Alinyoosha mgongo, akanitazama kama vile siku ile mlangoni mwa ndege.

"Ningeipeleka huko, watu wangeniuliza kwa nini simpi mwanangu anipimie. Ningewajibu nini?"